Historia ya Ishara ya Kasi ya Injini katika Magari Yaliyobadilishwa Kutumia Gesi ya LPG: Kutoka Koili Moja hadi Kompyuta

1.0 Utangulizi

Historia ya magari yanayotumia gesi ya petroli iliyogeuzwa kuwa kimiminika, ambayo kwa kifupi huitwa LPG na ambayo wakazi wengi wa Afrika Mashariki huifahamu kwa jina la gesi ya mitungi, kwa kawaida huelezwa kwa kufuata bei ya mafuta na sera za kodi. Maelezo hayo yana ukweli wake. Mwaka 1973 mataifa ya Kiarabu yanayozalisha mafuta yaliiwekea Uholanzi vikwazo, na nchi hiyo ikafikia hatua ya kupiga marufuku magari binafsi barabarani siku za Jumapili. Nchini Australia, serikali ilianza mwaka 2006 kutoa ruzuku kwa wenye magari waliokubali kuyabadilisha yatumie LPG. Uturuki na Poland zimekuwa na mamilioni ya magari ya aina hiyo, mengi yakiwa yalitoka kiwandani yakitumia petroli na kubadilishwa baadaye gerejini.

Hata hivyo, bei ya mafuta inaeleza tu kwa nini mwenye gari alikwenda gereji. Haielezi alichokifanya fundi baada ya kufungua boneti. Upande huo wa pili wa historia umeachwa kwa vitabu vya maelekezo ya ufungaji, navyo havina desturi ya kueleza kwa nini jambo lilifanywa hivi na si vile. Insha hii inachunguza sehemu moja ya kazi hiyo, nayo ni waya unaoupelekea mfumo wa gesi taarifa ya kasi ya injini, yaani idadi ya mizunguko ya krankishafti kwa dakika.

Hoja inayotetewa ni kwamba waya huo ulianza kama mlinzi wa usalama na baadaye ukawa mpimaji wa mafuta, na kwamba mahali pa kuupata palibadilika kila mfumo wa kuwasha cheche ulipobadilika. Kwa sababu hiyo, historia yake ni historia ya mashindano ya maarifa kati ya mtengenezaji wa gari, aliyeificha ishara ndani ya kompyuta bila kukusudia kumzuia yeyote, na fundi wa gesi, ambaye usalama wa kazi yake ulitegemea kuiona. Uchunguzi umejikita Italia na Uholanzi, ambako vifaa vingi vya kubadilishia magari vilibuniwa, na unalinganisha mambo machache na Marekani na Australia kabla ya kufikia Tanzania, ambako swali hilo limejitokeza upya kupitia gesi asilia.

2.0 Hatari Iliyozaa Hitaji

Ili kuelewa kwa nini mfumo wa gesi ulihitaji kujua kama injini inazunguka, ni lazima kuanza na tabia ya mafuta yenyewe. LPG ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka katika nyuzi 42 chini ya sifuri za Selsiasi, hivyo hubaki kimiminika ndani ya tangi kwa nguvu ya shinikizo tu. Ujazo mmoja wa propani kimiminika ukitoka nje hugeuka kuwa takribani ujazo 270 wa mvuke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa kwa takribani mara moja na nusu, na ule wa butani hukaribia mara mbili. Kwa hiyo gesi iliyovuja haipandi juu na kupotea. Hutambaa chini, hujikusanya katika mashimo ya gereji, mitaroni na sakafuni mwa gari, na huweza kushika moto inapofikia takribani asilimia 2 tu ya hewa iliyopo.

Petroli katika kabureta haikuwa na tatizo hilo kwa kiwango hicho. Injini ikizimika, bakuli la kabureta hubaki na mafuta kidogo, na pampu iliyokuwa ikiendeshwa na injini yenyewe husimama. Katika mfumo wa gesi, msukumo unatoka ndani ya tangi na hauhitaji pampu. Iwapo njia itabaki wazi, gesi itaendelea kutoka injini ikiwa imesimama, gari likiwa limegongwa, au dereva akiwa amepoteza fahamu huku ufunguo ukiwa bado umewashwa. Swichi ya ufunguo haitoshi kuwa mlinzi, kwa kuwa inaeleza nia ya dereva, haielezi hali ya injini. Kilichohitajika ni shahidi ambaye angeweza kusema kwa hakika kwamba injini inazunguka wakati huu.

3.0 Kipindi cha Pumzi ya Injini

Shahidi wa kwanza hakuwa wa umeme. Injini ya petroli inapozunguka huvuta hewa, na mvuto huo hupunguza shinikizo ndani ya manifoldi. Wabunifu wa awali waliutumia mvuto huo kama ishara. Katika vipunguza shinikizo vya aina hiyo, mvuto wa injini ulivuta utando wa mpira, utando ukafungua njia ya gesi, na injini iliposimama springi ikaufunga tena. Kampuni ya IMPCO ya Marekani ilijulikana kwa vali za kufunga gesi zilizofanya kazi kwa kanuni hiyo, na watengenezaji wa Italia, wakiwamo Landi Renzo, iliyoanzishwa Reggio Emilia mwaka 1954, walikuza aina zao.

Ubora wa njia hii ulikuwa katika uhusiano wake wa moja kwa moja na jambo lililokuwa likipimwa. Injini isiyovuta hewa haikuweza kujifunguliwa gesi, na hapakuwa na waya wa kukatika wala fyuzi ya kuungua. Lakini njia hiyo ilikuwa na udhaifu. Mvuto wa injini inapowashwa kwa stata ni mdogo, hivyo kuwasha gari asubuhi ya baridi kulihitaji kubonyeza kitufe cha kutanguliza gesi. Mpira wa utando uliathiriwa na mabaki mazito ya mafuta na ukakakamaa kadiri miaka ilivyopita. Aidha, dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho mvuto katika manifoldi hushuka, wakati ambapo injini inahitaji gesi nyingi zaidi.

Vipunguza shinikizo vya umeme vilileta nafuu katika mambo hayo. Vali ya sumaku-umeme hufunguka kikamilifu hata injini ikiwa baridi, na fundi angeweza kuweka vali moja kwenye tangi na nyingine karibu na injini. Hata hivyo, vali ya umeme haijui chochote isipokuwa kama ina umeme au haina. Kwa kuondoa mvuto wa hewa, wabunifu walikuwa wamemwondoa shahidi, na walilazimika kumtafuta mwingine. Walimpata kwenye koili.

4.0 Kipindi cha Koili Moja

Mfumo wa cheche uliotawala magari ya petroli kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ulitokana na kazi ya Charles Kettering wa Marekani, ambaye ubunifu wake ulianza kutumika katika magari ya Cadillac kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika mfumo huo, betri hupeleka umeme kwenye koili, na platini zilizomo ndani ya distribyuta hukata umeme huo kila silinda inapohitaji cheche. Kila umeme unapokatwa, upande hasi wa koili hupata mruko wa mamia ya volti kwa muda mfupi sana. Mruko huo ni matokeo ya lazima ya kutengeneza cheche, na kwa sababu hiyo ukawa ushahidi wa kuaminika kwamba injini inafanya kazi.

Kwa mtazamo wa historia ya ufundi, kilicho muhimu ni usawa wa mfumo huo. Karibu kila gari la petroli, liwe la Italia, Ujerumani au Japani, lilikuwa na koili moja, na upande wake hasi ulifikiwa kwa urahisi. Viwango vya Kijerumani vya DIN 72552 viliupa mahali hapo namba 1, kama vilivyompa umeme wa ufunguo namba 15. Fundi aliyejua namba hizo mbili aliweza kufunga ulinzi wa gesi katika gari ambalo hakuwahi kuliona. Pale ambapo hakutaka kugusa koili, aliweza kuuzungusha waya mara kadhaa juu ya kebo ya volti kubwa ya plagi, na mipigo ikapita bila kukata wala kuchubua kitu.

Hesabu nayo ilikuwa rahisi. Injini ya mipigo minne huwasha kila silinda mara moja katika mizunguko miwili ya krankishafti. Injini ya silinda nne hutoa, kwa hiyo, cheche mbili katika kila mzunguko, na kwa kasi ya mizunguko 3,000 kwa dakika koili hupiga mara 100 kwa sekunde. Injini ya silinda sita kwa kasi hiyohiyo hupiga mara 150, na ya silinda nane mara 200. Kisanduku kidogo cha usalama kilisoma mipigo hiyo. Dereva alipofungua ufunguo, kisanduku kilifungua vali kwa sekunde chache ili gesi itangulie. Mipigo isipofika, kilifunga. Mipigo ikifika, kiliacha vali wazi hadi ikome.

Inafaa kusisitiza kwamba katika hatua hii idadi kamili ya mizunguko haikuwa na umuhimu mkubwa. Swali lilikuwa la ndiyo au hapana. Kisanduku kilichokosea kasi kwa mara mbili bado kilitimiza wajibu wake, ilimradi kilitambua injini iliyosimama. Magari ya petroli nayo yalikuwa yakielekea huko. Mfumo wa Bosch wa L-Jetronic, uliotokea mwaka 1974, ulichukua taarifa ya kasi kutoka namba 1 ya koili, na rilei za pampu ya petroli za baadaye zilikata pampu pale mipigo ya cheche ilipokoma. Fundi wa gesi na mhandisi wa kiwanda walikuwa wakisoma kutoka mahali pamoja.

5.0 Kuvunjika kwa Koili Moja

Makubaliano hayo yasiyoandikwa yalianza kuvunjika mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1979 mfumo wa Motronic wa Bosch, uliofungwa katika gari la BMW 732i, uliunganisha unyunyiziaji wa petroli na uwashaji wa cheche chini ya kompyuta moja. Kompyuta hiyo haikuhitaji kusubiri koili ipige ili ijue kasi, kwa kuwa ilipata taarifa moja kwa moja kutoka kwenye vihisi vilivyotazama meno ya gurudumu linalozunguka na krankishafti. Muundo uliokuja kuenea Ulaya ni wa gurudumu lenye nafasi za meno 60, ambamo mawili yameachwa wazi ili kompyuta itambue mahali krankishafti ilipo. Kwa kasi ya mizunguko 3,000 kwa dakika, kihisi hicho hutoa mipigo 2,900 kwa sekunde, dhidi ya 100 ya koili ya zamani.

Kwa mhandisi wa kiwanda, hayo yalikuwa maendeleo. Kwa fundi wa gesi, yalimaanisha kwamba ishara muhimu kuliko zote sasa ilikuwa dhaifu na ya siri. Kihisi cha sumaku hutoa volti ndogo sana injini inapozungushwa na stata, na volti hizo huongezeka kadiri kasi inavyopanda. Kifaa kingine kikiunganishwa bila uangalifu, kikavuta sehemu ya ishara hiyo, kompyuta ya gari huweza kukosa meno na injini ikakataa kuwaka. Hapo ndipo ulipoonekana ugeni wa hali mpya: waya uliowekwa kwa ajili ya usalama uliweza wenyewe kulizima gari.

Badiliko la pili lilihusu koili zenyewe. Distribyuta ilipoondolewa, magari mengi ya silinda nne yalipewa koili mbili, kila moja ikiwasha plagi mbili kwa pamoja, na koili hiyo hupiga mara moja katika kila mzunguko. Baadaye kila silinda ilipewa koili yake, ambayo hupiga mara moja tu katika mizunguko miwili. Injini ileile ya silinda nne, kwa kasi ileile ya 3,000, ikawa inatoa mipigo 100, 50 au 25 kwa sekunde kutegemea fundi ameunganisha waya kwenye koili ya mpangilio upi. Ndipo programu za vifaa vya gesi zikaanza kumtaka fundi achague kati ya koili moja, koili mbili, koili moja kwa kila silinda, au kihisi cha kasi.

Kosa katika uchaguzi huo lilikuwa na matokeo yanayoweza kuhesabiwa. Kompyuta ya gesi iliyoambiwa kwamba gari lina koili moja, ilhali waya umeunganishwa kwenye koili ya silinda moja, huona robo ya kasi halisi. Injini inayozunguka mara 3,000 huonekana kuzunguka mara 750. Gari likiwa limesimama huku injini ikizunguka mara 800, kompyuta huona mizunguko 200 tu na huweza kuhukumu kwamba injini imezimika. Na iwapo imepangwa kuhamia kwenye gesi kuanzia mizunguko 1,600, dereva angelazimika kuifikisha injini kwenye 6,400.

Upo pia ugumu wa muda. Koili moja katika injini ya silinda nne inayozunguka mara 800 hupiga kila baada ya milisekunde 37.5. Koili ya silinda moja katika kasi hiyo hupiga kila baada ya milisekunde 150. Mlinzi anayepewa ushahidi mara chache zaidi hulazimika kusubiri zaidi kabla ya kuamua kwamba injini imesimama.

Badiliko la tatu lilikuwa la ndani kabisa. Watengenezaji wengi walihamishia kikata umeme ndani ya koili. Mruko wa mamia ya volti haukutoka tena nje. Katika injini nyingi za Toyota, kwa mfano, koili ya kila silinda ina waya nne: wa umeme wa betri, wa hasi, wa amri kutoka kwenye kompyuta na wa majibu yanayothibitisha kwamba cheche imepigwa. Amri hiyo ni ya volti 5 hivi. Kifaa kilichotarajia mamia ya volti hakikuiona, na kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya volti 5 kingeharibika kikiunganishwa na koili ya zamani. Kwa hiyo watengenezaji wa vifaa vya gesi waliongeza viwango vya kuchagua kati ya ishara dhaifu na ishara kali, na pale ambapo ishara ilikuwa dhaifu mno walitoa vikuza ishara.

6.0 Kutoka Mlinzi hadi Mpimaji

Wakati mahali pa waya palipokuwa pakififia, kazi ya waya ilikuwa ikiongezeka. Masharti ya moshi ya Euro 1, yaliyoanza kutumika Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990, yalifanya katalisti kuwa jambo la kawaida katika magari mapya ya petroli. Katalisti hufanya kazi vizuri pale tu mchanganyiko wa hewa na mafuta unapokuwa sahihi, na kichanganyio cha gesi kilichorekebishwa kwa bisibisi hakikuweza kuulinda usahihi huo. Vifaa vya kipindi hicho viliongezewa kompyuta ndogo iliyosoma kihisi cha oksijeni na kuendesha mota iliyofungua au kubana bomba la gesi. Kompyuta hiyo ilihitaji kujua kama injini ilikuwa katika kasi ya chini, inapanda au inashuka. Swali halikuwa tena la ndiyo au hapana. Likawa la kiasi gani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kuenea mifumo inayonyunyizia gesi kwa kila silinda kwa zamu. Katika mifumo hiyo, kompyuta ya gesi hukata mawasiliano ya nozeli za petroli, husoma muda ambao kompyuta ya gari ilikusudia kila nozeli ifunguke, kisha huukokotoa upya uwe muda wa nozeli ya gesi. Ukokotoaji huo hufuata jedwali lenye pande mbili: upande mmoja ni muda wa petroli, na upande wa pili ni kasi ya injini. Kasi ikisomwa vibaya, kompyuta hutafuta jibu katika safu isiyo yake. Gari huweza kuendelea kutembea, lakini kwa mchanganyiko mwembamba au mzito kuliko inavyopasa, na gharama yake hulipwa polepole na katalisti, vali na mfuko wa mwenye gari.

Wabunifu wengine walijaribu kuukwepa waya kabisa kwa kuhesabu kasi kutokana na nozeli za petroli zenyewe, ambazo kompyuta ya gesi tayari inazisoma. Katika mfumo unaonyunyizia kwa zamu, kila nozeli hufunguka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo hesabu inawezekana. Lakini njia hiyo ina pengo. Dereva anapoachia mafuta akiteremka mlima, kompyuta ya gari hukata petroli kabisa ili kuokoa mafuta. Nozeli hunyamaza ilhali injini inaendelea kuzunguka kwa kasi. Anayetegemea nozeli peke yake huona ukimya uleule ambao angeuona injini ikiwa imezimika. Pengo hilo linaonesha kwamba kuna tofauti kati ya kupima mafuta yanayoingia na kupima mzunguko wenyewe.

Itifaki ya mawasiliano ya CAN, ambayo Bosch iliitangaza mwaka 1986, ilileta njia nyingine. Kipima mizunguko cha dashibodi, ambacho hapo awali kilikuwa na waya wake unaoweza kuguswa, katika magari mengi kikaanza kupokea kasi kama tarakimu ndani ya ujumbe wa kompyuta. Tundu la uchunguzi lililofanywa la lazima kwa magari mapya ya petroli Ulaya kuanzia mwaka 2001 lilimwezesha fundi kuisoma tarakimu hiyo, na kompyuta za gesi za baadaye ziliunganishwa na tundu hilo ili zifuate masahihisho ya kompyuta ya gari. Taarifa ipatikanayo hapo, hata hivyo, hufika kwa kuulizwa na kujibiwa. Inamfaa mshauri kuliko mlinzi.

7.0 Kanuni na Mikono ya Mafundi

Sheria ilifuata historia hii kwa kushikilia matokeo, si njia. Kanuni Na. 67 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, iliyoanza kutumika mwaka 1987 na kufanyiwa marekebisho makubwa yaliyoanza kutumika mwaka 1999, inahusu vifaa vya LPG na ufungaji wake. Kanuni Na. 115 ya mwaka 2003 inahusu mifumo ya gesi inayofungwa katika magari yaliyokwisha kutumika. Kiwango cha AS/NZS 1425 cha Australia na New Zealand kinasimamia jambo hilohilo katika nchi hizo. Sharti la msingi ni kwamba gesi ikatwe injini inaposimama, hata kama ufunguo umebaki umewashwa. Namna ya kuitambua injini iliyosimama imeachiwa wabunifu.

Ni vyema kutenganisha hatari hii na nyingine ambazo mara nyingi huchanganywa nayo. Tarehe 31 Januari 1999, huko Vénissieux nchini Ufaransa, gari la LPG lililochomwa moto lililipuka na kuwajeruhi vibaya wazimamoto. Tangi lake halikuwa na vali ya kupunguzia shinikizo, na tukio hilo lilisukuma Ufaransa kuifanya vali hiyo kuwa ya lazima. Waya wa kasi usingezuia mlipuko ule. Tukio hilo linaonesha kwamba usalama wa gari la gesi una walinzi kadhaa, na kila mmoja ana mlango wake. Mlango wa waya wa kasi ni ule wa gesi inayoendelea kutiririka wakati hakuna anayeitumia.

Kwa kuwa sheria ilitaja matokeo tu, uzito wa njia ulimwangukia fundi. Katika kipindi cha koili moja, fundi aliyekuwa na taa ya kupimia aliweza kuthibitisha kazi yake. Katika kipindi cha kompyuta, alihitaji mchoro wa waya wa gari husika na kifaa kinachoonesha umbo la ishara. Asiyekuwa navyo alitegemea rangi. Vifaa vingi vya Kiitalia vilitumia waya wa kahawia kwa ajili ya kasi, na rangi hiyo ilikuwa thabiti upande wa gesi. Upande wa gari hapakuwa na rangi moja, kwa kuwa kila mtengenezaji aliteua yake na aliweza kuibadilisha kutoka toleo moja hadi jingine.

8.0 Uhusiano na Tanzania

Nchini Tanzania, mafuta yanayohusika zaidi ni gesi asilia iliyoshindiliwa, ambayo ni methani kwa sehemu kubwa, wala si LPG. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na baadaye sehemu yake ikatumika katika magari. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ni miongoni mwa mahali ambapo magari ya petroli hubadilishwa ili yatumie gesi hiyo. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hivyo ikivuja hupanda juu. Tabia yake ya kuvuja si ile ya LPG. Lakini sharti la kukata gesi injini inaposimama halibadiliki, na jedwali la muda wa petroli na kasi ya injini ni lilelile.

Kinachoifanya historia iliyoelezwa hapa kuwa na maana kwa Tanzania ni aina ya magari. Magari mengi ya mitaani yaliingizwa yakiwa yametumika kutoka Japani, na mengi yana koili moja kwa kila silinda yenye kikata umeme ndani yake. Maana yake ni kwamba fundi wa Dar es Salaam hakupitia kipindi cha koili moja katika kazi ya gesi. Ameingia moja kwa moja katika hatua ambapo ishara ni ya volti 5, imegawanyika mara nne, na haionekani kwa taa ya kupimia. Aidha, methani huungua taratibu kuliko petroli, na baadhi ya wafungaji huongeza kifaa kinachowahisha cheche kwa kuisogeza ishara ya krankishafti kabla haijafika kwenye kompyuta ya gari. Hapo fundi haisomi ishara tu, anaiandika upya. Kosa lake linakuwa kosa la injini nzima.

Hivyo basi, mafunzo yanayomfundisha fundi rangi ya waya na mahali pa kuunganisha katika gari la aina moja yanampa maarifa yatakayochakaa toleo jipya likiingia. Mafunzo yanayomfundisha kuhesabu mipigo, kupima umbo la ishara, na kulinganisha kasi inayooneshwa na kompyuta ya gesi na ile ya kipima mizunguko cha gari yanampa njia ya kujithibitishia. Jaribio la mwisho ni jepesi na halihitaji mchoro wowote: gari likiwa linatumia gesi, injini izimishwe huku ufunguo ukiachwa umewashwa, kisha ithibitishwe kwamba vali zimefunga. Mtihani huo unauliza swali lilelile ambalo utando wa mpira ulilijibu miongo mingi iliyopita.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba ishara ya kasi ya injini katika magari ya gesi imepita hatua tatu. Kwanza ilikuwa mvuto wa hewa ambao injini yenyewe iliutoa. Pili ilikuwa mruko wa koili moja, uliopatikana mahali pamoja katika karibu kila gari na uliotosha kujibu swali la ndiyo au hapana. Tatu ilikuwa ishara ya kompyuta, sahihi kuliko zote zilizotangulia, lakini iliyogawanyika, dhaifu na iliyofichika, huku ikitakiwa kujibu swali la kiasi.

Aidha, imebainika kwamba usahihi wa kifaa na usalama wa mtumiaji havikukua kwa pamoja. Kila hatua iliyompa mhandisi wa kiwanda taarifa bora zaidi ilimwongezea fundi wa gesi umbali kutoka kwenye taarifa hiyo. Udhaifu wa gari lililobadilishwa haukuwa katika vifaa vya gesi pekee wala katika gari pekee, bali katika maungano yao, mahali ambapo watengenezaji wawili wasiojuana wanalazimika kuelewana kupitia mkono wa mtu wa tatu. Watafiti watakaochunguza sera za nishati ya magari Afrika Mashariki wanaweza kunufaika kwa kuhesabu maungano hayo pamoja na vituo vya kujazia gesi na viwango vya kodi, kwa sababu hapo ndipo sera hufanyika kazi au hushindikana, waya mmoja baada ya mwingine.